Bega likiuma na mkono ukiishiwa nguvu, vua shati

Leo naanza kwa kukiri kosa.

Miaka kadhaa iliyopita alinijia fundi wa mawe aliyekuwa ameanguka kutoka jukwaani kwenye nyumba waliyokuwa wakijenga. Bega lake la kulia lilikuwa limeteguka. Siku hiyo hiyo ya ajali alipelekwa hospitalini, bega likarudishwa mahali pake, akapigwa picha ya eksirei na kuambiwa hakuna mfupa uliovunjika. Kwangu alifika wiki 3 baadaye, mkono ukiwa umening'inizwa kwa kitambaa shingoni, akisema kwamba bado unamuuma na kwamba "hauna nguvu".

Niliielekeza ile picha kwenye mwanga wa dirisha, nikaona mfupa umekaa sawasawa. Nikamwandikia tembe za kutuliza maumivu na kumwambia awe na subira, kwani bega lililoteguka huchukua muda kupona. Ilikuwa mwezi wa Julai, naye alikuwa amevaa koti zito. Foleni nje ilikuwa ndefu. Sikumwambia avue koti lile.

Aliporudi ilikuwa imepita miezi 10. Mara hii alivua mwenyewe bila ya kuulizwa. Ile nyama ya mviringo ifunikayo bega ilikuwa imesinyaa, bega limebaki na pembe kama kitundikio cha nguo. Hakuweza kuinua karai la saruji. Hakuweza hata kuuinua mkono mtupu ufike usawa wa bega. Nilipompapasa kwa pamba upande wa nje wa mkono, chini kidogo ya bega, alisema hahisi kitu. Neva iendayo kwenye msuli ule, ambayo huzunguka nyuma ya mfupa wa mkono karibu na kiungo cha bega, ilikuwa imeumia siku ile alipoanguka. Naamini kwamba ganzi ile na udhaifu ule ulikuwapo tangu siku ya koti. Ningeugundua kwa dakika 2.

Nasimulia haya kwa sababu najua siko peke yangu. Katika zahanati zetu, mtu akisema bega linamuuma, jibu huwa tayari kabla hajaketi: ni baridi yabisi, ni uchovu, ni kulalia mkono, ni umri. Anapewa tembe. Asipopata nafuu anadungwa sindano. Asipopata nafuu tena anapigwa picha, na picha ikiwa nzuri anaambiwa hana ugonjwa. Mgonjwa naye hukata tamaa ya hospitali, akaenda kuchuliwa kwa mafuta. Kumbe wakati wote huo tatizo si kiungo wala mfupa, ni neva.

Hapa lugha yetu yenyewe hutupiga chenga kidogo. Mgonjwa akiniambia "ni mshipa", huwa sijui ameniambia nini. Mshipa ni ule upitishao damu, mshipa ni ule unaokaza mguuni ukiwa usingizini, na kuna wazee ambao kwao mshipa ni ngiri. Mshipa wa fahamu, ambao mimi nauita neva hapa ili tusichanganyikiwe, hauna damu ndani yake. Kazi yake ni kupeleka amri ya ubongo kwenye misuli na kurudisha habari za kuguswa, joto na maumivu.

Ifikirie kama stima ya nyumbani. Taa isipowaka, huenda balbu imeungua, au huenda balbu ni nzima lakini waya umekatika ukutani. Anayebadilisha balbu kila wiki bila kuutazama waya atamaliza pesa zake akiwa bado gizani. Eksirei huonyesha mifupa. Haionyeshi neva hata kidogo.

Neva za mkono huanzia shingoni. Tano kubwa hutoka kwenye uti wa mgongo, 4 za sehemu ya chini ya shingo na 1 ya mwanzo wa kifua. Hupita katikati ya misuli ya shingo, zikasukana kama ukili, zikapenya chini ya mtulinga na kuingia kwapani, na njiani hutoa matawi ya kwenda kwenye misuli ya bega na ya kombe la mgongoni. Neva nyingine hushuka kutoka kichwani kupitia ubavuni mwa shingo, karibu kabisa na ngozi, kwenda kwenye msuli tunaotumia tukiinua mabega kusema "sijui". Safari yote hii ni katika mahali pafinyu pasipotulia. Ndiyo maana mambo mengi huweza kuziumiza.

La kwanza hapa kwetu siku hizi ni pikipiki. Tangu mwaka wa 2008, serikali ilipoondoa kodi kwenye pikipiki ndogo, bodaboda zimefika kila kijiji, na ajali zake pia. Mtu anaporushwa akaangukia bega, kichwa huenda upande huu na bega likasukumwa upande ule. Neva zilizo katikati huvutwa kama kamba. Nyingine hunyooka tu na baadaye kurudi katika hali yake, nyingine hukatika, na nyingine, mbaya zaidi, hung'olewa kwenye uti wa mgongo kabisa. Kijana anaamka wodini mguu umefungwa plasta, na kwa sababu kila mtu anaushughulikia mguu, mkono uliolala tu kando ya godoro hauulizwi. Nimemwona mmoja ambaye mkono wake ulitajwa kwa mara ya kwanza siku ya kutoka hospitalini, tena na mama yake.

La pili watu wengi hawalijui, na madaktari wengi pia hawalikumbuki. Nitalieleza kwa kirefu.

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliamshwa saa tisa za usiku na maumivu ya bega ambayo alisema yalizidi ya kujifungua. Hakuwa ameanguka wala kubeba kitu. Wiki 2 kabla ya hapo alikuwa na homa na kikohozi, akapona. Maumivu yale yalikaa siku 10, hakulala, hakuna tembe iliyosaidia. Kisha yakaanza kupungua, akamshukuru Mungu. Lakini aliporudi darasani aligundua kwamba hawezi kuandika ubaoni. Mkono ulipanda hadi kifuani ukakwama. Nyumbani wakaanza kumnong'oneza kwamba huo ni mkono wa mtu.

Haukuwa mkono wa mtu. Ni ugonjwa uliojulikana zamani. Mwaka wa 1948 madaktari wawili wa Uingereza, Parsonage na Turner, walieleza katika jarida la The Lancet habari za wagonjwa 136 waliopatwa na mambo haya haya, wengi wao wakiwa wanajeshi: maumivu makali ya ghafla ya bega, kisha maumivu yakipungua, misuli inalegea na kusinyaa. Inaaminika kwamba kinga ya mwili, baada ya kuchokozwa na maradhi, upasuaji, uzazi au kazi ngumu isiyo ya kawaida, hugeuka na kuzishambulia neva za bega. Zaidi ya hayo, siku hizi tunajua kwamba si nadra kama tulivyofunzwa chuoni. Mwaka wa 2015 watafiti wa Uholanzi walichapisha matokeo ya uchunguzi ambamo madaktari wa kawaida kama mimi walifunzwa dalili zake, kisha wakaambiwa wautafute kwa mwaka mmoja. Waliupata kwa kiasi cha mtu 1 kati ya kila 1,000. Kabla ya hapo vitabu vilikuwa vikisema watu wachache tu kati ya 100,000. Ugonjwa haukuongezeka, walioongezeka ni waliojua kuutazama.

Mwalimu yule alipata nafuu polepole, mwaka na nusu hivi. Wengi hupata nafuu, ingawa baadhi hubaki na uchovu wa mkono au maumivu ya mara kwa mara. Alichohitaji kwangu ni kuambiwa jina la ugonjwa wake, kupewa dawa za nguvu za maumivu siku zile za mwanzo, na baadaye mazoezi ya taratibu. Badala yake, kabla ya kufika kwangu, bega lake lilikuwa limedungwa sindano 3 na kuvutwa na wachuaji wawili.

La tatu linatuhusu sisi madaktari, na hatupendi kulisema. Mtu ana mitoki shingoni, inashukiwa kifua kikuu au saratani, inakatwa kipande kikapimwe. Ni upasuaji mdogo wa nusu saa. Lakini ile neva niliyoitaja, ishukayo ubavuni mwa shingo, hupita papo hapo chini ya ngozi, na kisu kikiteleza huikata. Kidonda kinapona vizuri. Wiki chache baadaye bega linashuka, linauma mfululizo kama limebebeshwa ndoo, na mwenyewe hawezi kuchana nywele. Nimewaona wawili wa namna hii, na wote wawili waliambiwa ni kidonda cha ndani kinachopona. Siku hizi mitoki mingi inaweza kuchunguzwa kwa kuvutwa majimaji kwa sindano na kupimwa kwa mashine ya GeneXpert, bila kukata. Kama ni lazima kukatwa, uliza: je, neva ya bega iko karibu? Na baada ya upasuaji, inua mabega yote mawili mbele ya kioo kabla ya kwenda nyumbani.

Yapo mengine nitakayopitia haraka. Diski ya shingo ikitokeza huweza kubana neva inapotoka, na hapo maumivu hutoka shingoni na kushuka mkononi, yakizidi ukigeuza shingo. Mkanda wa jeshi ukitokea shingoni au begani huweza kuacha udhaifu baada ya malengelenge kukauka. Hamali abebaye magunia begani miaka nenda miaka rudi huweza kuiumiza neva ya msuli unaolishika kombe la mgongo, nalo kombe likatokeza nje kama bawa la kuku. Na mtoto aliyezaliwa kwa taabu, bega lake likakwama, huweza kuzaliwa na mkono usiosogea. Wengi wa watoto hawa hupona, lakini kama amefika miezi 3 na bado hawezi kukunja kiwiko, mpelekeni kwa mtaalamu. Msikubali kuambiwa ataukulia.

Sasa wewe msomaji utajuaje? Kuna jaribio rahisi la nyumbani. Vua nguo za juu, simama mbele ya kioo, na mtu wa nyumbani asimame nyuma yako. Kwanza jaribu kuinua mkono mwenyewe. Kisha yeye auinue polepole huku wewe umeulegeza. Ikiwa mkono umegoma hata ukiinuliwa na mwenzako, kiungo chenyewe kimeganda. Jambo hili huwapata sana wenye kisukari. Ikiwa mwenzako anauinua bila taabu lakini wewe mwenyewe huwezi, tatizo ni msuli, kano au neva. Kano ya bega iliyochanika huweza kutoa hali iyo hiyo, kwa hivyo jaribio hili si hukumu. Ni sababu ya kwenda kwa daktari.

Halafu sukuma ukuta kwa viganja vyote viwili, naye atazame mgongo wako kama kombe moja linatokeza. Linganisheni unene wa mabega. Mwambie akupapase kwa kitambaa laini mikono yote miwili, umwambie kama kuna mahali unahisi kidogo kuliko kwingine. Maumivu peke yake mara nyingi si ya neva. Maumivu pamoja na udhaifu, au ganzi, au kusinyaa, hayo si ya kungojea dukani kwa muuza tembe.

Na yapo ya kukimbilia hospitali siku iyo hiyo: bega la kushoto likiuma pamoja na kubanwa kifua na jasho, au mikono na miguu ikidhoofika pamoja, au mkojo ukikataa kutoka. Mvutaji sigara mwenye maumivu ya bega yasiyoisha, kiganja kinachodhoofika na kope moja iliyoshuka apigwe picha ya kifua bila kuchelewa, kwani uvimbe wa juu ya pafu huzila neva kutoka chini.

Daktari mwenzangu akisoma haya atasema natia watu hofu, kwa sababu neva nyingi zilizovutwa hupona zenyewe. Ni kweli. Hata neva ya bega lililoteguka hupona zaidi ya mara nyingi, tena bila dawa. Lakini kungojea na kusahau si kitu kimoja. Anayengojea humwandikia mgonjwa tarehe ya kurudi, akampima nguvu kila baada ya wiki chache na kuandika alichokiona. Anayesahau humwambia "utapoa", kama nilivyofanya mimi.

Tofauti hii ni kubwa kwa sababu neva ina saa yake. Neva iliyokatika au iliyoharibika ndani huota upya kwa mwendo wa milimita 1 hivi kwa siku, yaani sentimita 3 kwa mwezi. Msuli nao hauingoji milele. Ukikaa mwaka mmoja au mwaka na nusu bila amri, hugeuka kuwa mafuta na nyuzi, na hapo hata neva ikifika haina wa kumwamrisha. Kwa hiyo mpasuaji wa neva hupenda kumwona mgonjwa asiyeonyesha dalili ya kupona akiwa kati ya miezi 3 na 6. Akiwahi, anaweza kuiunga neva, au kuazima tawi la neva nyingine. Mwaka wa 2003 wapasuaji wa Thailand walieleza jinsi ya kuchukua tawi la neva linalokwenda kwenye msuli wa nyuma ya mkono, ambao una matawi ya ziada, na kuliunga kwenye neva ya msuli wa bega. Ni kazi nzuri ajabu. Lakini inahitaji msuli ulio hai, na fundi wangu alikuwa amefikisha miezi 10, na bado hakuwa amemwona mpasuaji.

Kuna kipimo cha umeme wa neva na misuli ambacho huonyesha neva ipi imeumia na kwa kiasi gani. Hufaa zaidi baada ya wiki 3 tangu jeraha, maana kabla ya hapo msuli haujaonyesha mabadiliko. Hakipatikani kila kaunti, na nauli ya kukifuata Nairobi au mji mwingine mkubwa si mchezo kwa mkulima. Picha ya MRI nayo hugharimu maelfu ya shilingi. Sikulaumu ukisema huna. Ninachosema ni kwamba hivyo vyote huja baadaye. Kuvua shati hakulipiwi. Kumwambia mgonjwa ainue mkono, asukume ukuta, afumbe macho aguswe na pamba, hakuhitaji mashine wala bima. Naudhika ninapomwona mgonjwa aliyeuza mbuzi wawili kulipia picha, na karatasi zake zote hazina mstari mmoja ulioandika nguvu za mkono wake.

Basi ukienda hospitalini nenda na tarehe. Andika siku ulipoanguka, au usiku maumivu yalipoanza, na siku ulipogundua kwamba huwezi kuinua sufuria. Vaa shati la vifungo. Daktari asipokuambia uvue, mwambie kwa adabu, "Daktari, naomba ulitazame bega lenyewe." Hatakasirika, na akikasirika bado atatazama. Mwambie akupime nguvu na aandike kwenye kadi, ili atakayekuona mwezi ujao ajue kama unapanda au unashuka. Ukifika mwezi wa tatu na hakuna mabadiliko, omba barua ya kwenda kwa mtaalamu wa mifupa au wa neva. Huna haja ya kuomba radhi kwa hilo.

Wakati huo huo usiliache bega ligande. Kila siku mtu wa nyumbani auinue mkono wako polepole pande zote, bila nguvu na bila kuvuta kwa ghafla. Sehemu yenye ganzi iepushe na jiko na maji ya moto, maana utaungua bila kujua. Wachuaji sina ugomvi nao. Wanajua mengi kuhusu misuli iliyokaza. Lakini mkono uliopooza usivutwe na mtu yeyote.

Kwa wale ambao mwaka umeshapita, yapo ya kufanya bado. Mpasuaji anaweza kuhamisha msuli mzima ili ufanye kazi ya ule uliokufa. Yako mazoezi, na ziko dawa za maumivu ya neva kama amitriptilini, ambayo bei yake ni ndogo na hunywewa usiku.

Fundi wangu nilimpeleka kwa mpasuaji, naye akatuambia kwamba muda wa kuiunga neva ulikuwa umepita. Baada ya miezi mingi ya mazoezi anaweza kuinua mkono kiasi cha kufikia kofia yake. Hapandi jukwaani tena. Anapima misingi na kusimamia vijana, kwa malipo ya chini kuliko ya zamani, na bado huja kwangu akiwa na homa au kikohozi.